Vifaa vya kamera vimezidi mgongo: Kolo nibebe nini, na nini kibaki Dodoma?

Ilazo_Picha

Wakuu, habari za kazi. Naomba mnisaidie kuchagua. Niko Dodoma mjini na kazi ni za aina tatu: semina na mikutano kumbini, sendofu na harusi, na mwisho wa wiki picha zangu mwenyewe. Safari inayofuata ni Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani. Siku mbili, basi mpaka Kondoa mjini, halafu bodaboda. Jumamosi ya kabla yake nataka kupita mnada wa Msalato.

Kabatini kuna bodi mbili za Canon, 5D Mark IV na 80D. Lenzi ni 16-35 f/4L, 24-70 f/2.8L II, 24-105 f/4L ile ya kwanza, 50 f/1.8 STM, 85 f/1.8, makro ya 100 L, 70-200 f/2.8L II na Sigma 150-600 Contemporary. Flashi mbili za 600EX-RT, tripodi, droni ndogo, betri nne za LP-E6N na chaja moja.

Kolo nibebe nini? Mnadani je? Na humo kuna za kuuza, au zote zina kazi? Tafadhali msinijibu "inategemea" halafu mkaondoka.

---

Mbuyu_Mkavu

Mkuu, anza na mizani. 5D Mark IV ikiwa na betri na kadi ni gramu 890, 80D ni 730. Lenzi zako nane peke yake ni kilo 6.7, na nusu nzima ya uzito huo ni mbili tu: Sigma (1,930) na 70-200 (1,490). Weka flashi mbili, gramu 425 kila moja kabla ya betri, unafika kilo 9.2. Hapo begi lenyewe halijahesabiwa, wala tripodi, wala lita mbili za maji. Ukivijumlisha unakaribia kilo 15, na Kolo kuna kupanda.

Pili, acha kukisia lenzi ipi unaitumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lako limo ndani ya picha zenyewe, kwa sababu kila faili huandika lenzi na milimita zilizotumika. Kwenye Lightroom Classic bonyeza G, kisha kitufe cha \ ili upau wa kuchuja utokee juu. Bonyeza Attribute, halafu shika Shift ubonyeze Metadata, vyote viwili vibaki wazi. Upande wa Attribute chagua zile ulizozitia bendera tu, yaani zilizokwenda kwa mteja au ulizoamua kuzitunza. Ukihesabu na za kutupwa utajidanganya, maana ndege mmoja kwa Sigma anaweza kukuachia picha mia tatu za takataka. Upande wa Metadata badilisha safu moja iwe Lens na nyingine iwe Focal Length, idadi itatokea mbele ya kila mstari.

Asiye na Lightroom atumie exiftool, ni bure:

exiftool -csv -r -LensModel -FocalLength Picha > orodha.csv

"Picha" ni jina la folda yako. Fungua hiyo orodha kwenye Excel uhesabu.

Ukisoma matokeo, kumbuka 80D inaandika milimita halisi za lenzi. Sensa yake ni ndogo, kwa hiyo zidisha kwa 1.6 kabla ya kulinganisha na 5D; 50 kwenye 80D inaona kama 80. Halafu tazama miisho. Picha za 24-70 zikirundikana kwenye 70 kabisa, lenzi inakubana kwa mbali na ndiyo maana mkono unakimbilia 24-105. Zikirundikana kati ya 35 na 60, basi 16-35 na 70-200 umekuwa ukizitembeza tu.

Hesabu kila aina ya kazi peke yake. Semina itakuambia 70-200 ni ya lazima, na kwa semina ni kweli: mzungumzaji yuko jukwaani na huwezi kumsogelea kila dakika. Hiyo si sababu ya kuipandisha kilimani.

---

Rangi_ya_Mwamba

Nijibu la Kolo peke yake, maana watu wengi hubeba vitu vya kupiga mandhari wakati kazi yenyewe ni kupiga ukuta.

Beba 5D, 24-105, makro ya 100 na tripodi. Bodi na lenzi hizo mbili ni kilo 2.2. Begi dogo linatosha.

16-35 huingia begini kwa sababu mtu akisikia michoro anafikiria pango jembamba. Si mapango. Ni miamba iliyoinama mbele kama baraza, na nafasi ya kurudi nyuma mara nyingi ipo. Ukipiga ukuta kwa milimita 16, pembe za picha zinavutika, na wale watu wekundu wembamba ambao tayari walichorwa warefu wanazidi kuharibika. Mchoro mpana upige vipande vipande, 24-105 ikiwa kwenye milimita 50, kila kipande kiingie theluthi moja ndani ya jirani yake, uviunge nyumbani.

Weka tripodi mbele ya mchoro, sensa iwe sambamba na ukuta. Ukisimama chini ukainua pua ya kamera, juu ya mchoro kutalegea hata ukiwa na f/8. Weka f/8, ISO 100, na shata iachie iende inakotaka, hata sekunde nzima, ukuta haukimbii. Zima IS (kituliza mtikisiko) kwenye lenzi. Tumia Live View (kutazama kwenye skrini ya nyuma), kuza mara 10, lenga kwa mkono kwenye ukingo wa rangi (siyo kwenye ufa wa mwamba, ufa una kina chake), kisha piga kwa kipima saa cha sekunde 2. Fremu ya kwanza ya kila ukuta iwe na kadi ya kijivu na rula pembeni, visiguse mwamba. Bila kadi hiyo, wekundu wa mchoro na wekundu wa vumbi lililorudisha mwanga kutoka chini utashindwa kuvitenganisha baadaye.

Ukuta ukiwa nusu jua nusu kivuli, usitegemee kompyuta. Mwombe mwongozaji ashike kanga au rifleksa juu yake, ukuta wote uingie kivulini, ndipo upige. Filta ya polaraiza nayo ina kazi pale mwamba unapong'aa: izungushe taratibu mpaka mng'ao upotee. Itakula stopu moja na nusu hivi za mwanga, lakini uko kwenye tripodi.

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kuna programu inaitwa DStretch, ya Jon Harman, inafanya kazi ndani ya ImageJ (programu ya kuchakata picha) na huvuta tofauti ndogo sana za rangi mpaka mchoro uliofifia ujitokeze. Ukiilisha JPEG iliyobanwa sana inavuta na vile viboksi vya mbano, unaanza kuona "michoro" ambayo haipo.

Flashi ziache zote mbili. Mwanga unaotoka kwenye kamera unagonga utando unaong'aa juu ya mwamba na kufuta ile rangi hafifu uliyoifuata. Na mtu asikushauri umwagie michoro maji ili iwake. Ni uharibifu, na eneo hili liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Anzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo barabarani, ulipie, uchukue mwongozaji. Mungumi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko. Ukikuta vitu vimewekwa chini ya mwamba, uliza kabla ya kuvipiga au kuvisogeza. Droni bila kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) ibaki kabatini.

---

Vumbi_Jekundu

Kwa Kolo nakubaliana na aliyetangulia. Kwa Msalato, nasema beba bodi zote mbili na usibadilishe lenzi hata mara moja.

Mnadani kuna ng'ombe na mbuzi wanatifua vumbi, na kiangazi upepo wa Dodoma haupumziki. 24-105 na 24-70 zote zinarefuka ukizungusha zumu, na zikirefuka zinavuta hewa ndani. Weka 50 kwenye 5D, 85 kwenye 80D (inaona kama 136), toka nyumbani zikiwa zimefungwa hivyo na urudi zikiwa hivyo. Jumla gramu 2,205, sawa tu na mzigo wa Kolo. Lenzi hizo hazina mpira wa kuzuia vumbi mdomoni, kwa hiyo futa kwa brashi pale lenzi inapokutana na bodi kabla ya kuzifungua nyumbani.

Ukilazimika kubadilisha njiani: ingia kwenye gari, pandisha vioo, zima feni. Zima kamera. Legeza kifuniko cha nyuma cha lenzi inayoingia kabla hujatoa inayotoka. Mdomo wa bodi utazame chini muda wote. Kosa la kawaida ni kusahau vile vifuniko vya nyuma: vikikaa wazi mfukoni vinakusanya vumbi, vumbi linahamia nyuma ya lenzi, kutoka hapo linaangukia kwenye sensa. Vipulize kila wiki, na begi nalo lipitishe mashine ya kufyonza vumbi.

Kupima sensa: ISO 100, f/16, lenga kwa mkono mbali kabisa, piga ukuta mweupe kwa karibu ukitikisa kamera kidogo. Madoa yasiyohama ni vumbi. Jaribu kwanza pampu ya mpira, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo (mate), wala kopo la hewa, lile hurusha kimiminika. Yakigoma, tumia swabu za milimita 24 kwa 5D na 16 kwa 80D, matone mawili ya dawa ya kusafishia sensa, vuta mara moja kwenda, geuza upande msafi, vuta mara moja kurudi, tupa. Betri iwe imejaa kabla ya kuchagua Clean manually kwenye menyu ya kamera, maana chaji ikiisha kioo kinakuangukia kwenye swabu.

---

Mbuyu_Mkavu

Hoja ya vumbi sawa, ila kamera mbili shingoni mnadani zinakufanya uonekane mwandishi wa habari, na wafugaji wengi watageuza uso kabla hujasalimia. Mimi bado nasema bodi moja na 24-105, ifunikwe kofia ya kuogea ya plastiki kati ya picha na picha. Vumbi la sensa linasafishika.

---

Vumbi_Jekundu

Linasafishika la sensa. Lililoingia ndani ya 24-105 katikati ya vioo ni kazi ya fundi, na mpaka afungue lenzi yote.

---

Lenzi_Kuukuu

Niingie kwenye kuuza. Zinazogongana ni 24-70 na 24-105. Za kumbini zinahitaji f/2.8, kwa hiyo kama ni kuchagua moja, 24-70 inabaki. Lakini 24-105 ya kwanza hailipi sana sokoni kwa sasa, na kwa safari inakupa IS na milimita 35 za ziada kwa gramu 135 pungufu. Ningeiacha ikae, mradi iwe nzima. Aina hiyo inajulikana kwa waya wake bapa wa diafragma (tundu la kupitisha mwanga) kuchoka kwa kukunjwa kila zumu inapozunguka. Dalili: kwa f/4 inapiga vizuri, ukifunga mpaka f/8 kamera inaandika Err 01. Ipime leo, siyo Kolo. Weka f/11, bonyeza kitufe cha kukagua kina cha ukali (depth of field) ukiwa 24, kisha 50, kisha 105, mara kadhaa kila mahali. Ikigoma hata mara moja, waya unabadilishwa na fundi.

Ya kuuza kwa mawazo yangu ni 16-35, kama hesabu ya Mbuyu_Mkavu itaonyesha huitumii chini ya 24. Canon walihamia mlango wa RF (aina mpya ya kufungia lenzi kwenye bodi) mwaka 2018, na lenzi za EF kama zako hazipandi bei kwa kukaa kabatini. 50 usiiuze, ni gramu 160 na pesa yake haitanunua kitu. Sigma inahesabiwa kivyake: kama unakwenda Singida kwenye ndege wa Singidani na Kindai, au kinamasi cha Bahi, hakuna nyingine itakayoziba nafasi yake. Kama huendi, iuze na siku ukiihitaji ukodi.

---

Ilazo_Picha

Asanteni wakuu. Kolo nimeshaelewa. Sendofu je, 70-200 kwenye 80D? Na betri nibebe ngapi Kondoa?

---

Lenzi_Kuukuu

70-200 kwenye 80D inakuwa 112 mpaka 320, utapiga pua za watu kwenye ukumbi wa kawaida. 24-70 na flashi moja kwenye 5D, 85 kwenye 80D. Flashi ya pili ni akiba, na kwa kazi ya kulipwa bodi ya pili nayo ni akiba, haibaki nyumbani. Kwenye 5D washa kuandika kadi zote mbili kwa pamoja, CF na SD.

Kondoa beba betri zote nne na chaja. Canon wanahesabu picha 900 kwa betri kwenye 5D Mark IV, lakini hiyo ni kwa kupiga kupitia kitundu cha jicho. Kwa Live View ya kukuza mara 10 kwenye tripodi inashuka vibaya. Zikiwa begini ziwe na vifuniko vyake: kile kifuniko kina tundu lenye umbo la betri, kikifungwa upande mmoja tundu linaonyesha bluu, kikigeuzwa halionyeshi. Bluu iwe ndiyo iliyojaa, utajua ipi ya kuingiza bila kuwasha kamera.