Makocha wa mazoezi, acheni kutukaba pumzi kwa mikanda ya kubana tumbo

Wanajamvi, salaam. Naandika uzi huu nikiwa bado na hasira na sitaificha, kwa sababu jambo lenyewe limenitokea mimi, na aliyelisababisha anaendelea kuwafanyia wengine vilevile jioni hii hii.

Wiki tatu zilizopita, katikati ya kipindi cha mazoezi ya mzunguko, nilianguka. Sikuteleza wala sikujikwaa. Niliona nyotanyota, masikio yakaziba, kisha nikajikuta nimekaa sakafuni, mgongo umeegemea rafu ya vyuma, huku mwenzangu mmoja akihangaika kufungua kulabu za mkanda niliokuwa nimejifunga tumboni. Mikanda ile ina safu tatu za kulabu, na mimi nilikuwa nimefungwa safu ya ndani kabisa, kwa kuwa kocha alikuwa amepita dakika chache kabla, akajaribu kupenyeza kidole kati ya mkanda na mbavu zangu, na kidole kilipopita akasema haujakaza. Ilipofunguka kulabu ya nne ndipo nilipovuta pumzi iliyofika chini. Sikufikiria maumivu wala aibu. Nilichofikiria ni kwamba kumbe tangu kipindi kianze nilikuwa sijapumua sawasawa.

Kwa asiyeujua, mkanda ninaousema ni ule mpana unaoanzia chini ya matiti hadi juu ya nyonga, wa mpira au kitambaa kizito, wenye vyuma vyembamba vilivyoshonewa ndani ili usijikunje. Ni mjukuu wa zile korseti za wanawake wa Ulaya wa karne ya 19, ambazo zilivaliwa kwa ajili ya kuonekana na umbo fulani. Ukiuvaa chini ya gauni kwa saa mbili za sherehe, hayo ni yako na mwili wako. Ninacholalamikia ni kuamriwa kuuvaa huku ukiruka kamba, ukikimbia na ukichuchumaa na uzito begani, tena na mtu anayejiita mtaalamu.

Mtaalamu huyo anapaswa kujua jinsi mtu anavyopumua. Chini ya mapafu kuna msuli uliotandazwa kama kuba, kiwambo, na ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta hewa. Mtu akiwa ametulia, kiwambo hushuka sentimita moja au mbili tu. Akikimbia, hushuka mara kadhaa ya hapo. Kikishuka, matumbo yaliyo chini yake lazima yasogee mbele, na mbavu za chini lazima zitanuke pembeni. Mkanda wa kubana tumbo huzuia yote mawili kwa mpigo mmoja: mbele umeweka ukuta, pembeni umezifunga mbavu zisitanuke. Mvaaji hubaki akihema kwa sehemu ya juu ya kifua, pumzi fupifupi za haraka, wakati moyo na misuli vinadai hewa nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Kisha akianguka anaambiwa hana stamina. Mimi niliambiwa hivyo, nikiwa bado nimekaa sakafuni.

Lakini lililonichefua zaidi ni mzani. Kocha wetu ana desturi ya kuwapima watu waliovaa mikanda kabla ya kipindi na baada ya kipindi, halafu anasoma tofauti kwa sauti na darasa zima linapiga makofi. Siku moja alisoma yangu: gramu 900. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga, nikanywa maji kwa sababu kiu ilikuwa inaniua, nikala, na asubuhi yake uzito wangu ulikuwa palepale ulipokuwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hesabu hiyo haihitaji shahada. Kilichotoka mwilini mwangu kilikuwa jasho. Mpira haupitishi hewa, kwa hiyo ngozi iliyo chini yake hutoa jasho lisilokauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Linatiririka tu, joto linabaki ndani, na mtu anaendelea kupoteza maji bila faida yoyote. Mafuta ya tumbo hayayeyuki kwa kupashwa moto kwa nje kama samli. Mwili huchota mafuta kutoka akiba yake yote kwa mpangilio wake wenyewe, na haujali ni sehemu gani umeifunga. Kupigia makofi watu waliopungukiwa maji, mbele ya wageni wanaofikiria kujiandikisha, ni udanganyifu, na sioni neno la upole la kuliitia.

Nilipomkabili, alinijibu kwa jibu ambalo nina hakika wengi wenu mmeshalisikia: mbona wanyanyua vyuma nao hufunga mikanda? Ni kweli, hufunga. Mkanda wao ni wa ngozi ngumu au nailoni, upana wake ni kama sentimita kumi, hauna mpira wala kulabu, na hauzifungi mbavu. Mnyanyuaji huvuta pumzi kubwa kwanza, akalisukuma tumbo nje dhidi ya mkanda, na msukumo huo wa ndani ndio unaoushika uti wa mgongo usitikisike wakati wa kuinua mzigo mzito kwa sekunde chache. Akishaushusha mzigo, anaulegeza mkanda na kupumua. Hiki chetu hulivuta tumbo ndani, hakimwachi mtu avute pumzi kubwa ya kuanzia, na kinafungwa kuanzia zoezi la kwanza hadi la mwisho. Kuvilinganisha vitu hivi viwili kwa sababu vyote huzungushwa kiunoni ni sawa na kulinganisha kamba ya kupandia mlima na kitanzi.

Madhara mengine nitayataja kwa ufupi, maana kila mmoja ana lake. Tumbo likibanwa, asidi husukumwa juu na kiungulia hakikuachi, hasa ukiinama. Mwenzangu wa darasani amekuwa akipata ganzi na moto upande wa nje wa paja, kwa kuwa kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa nyonga na mkanda huukandamiza. Mwingine, mwenye watoto watatu, alikuwa akivujisha mkojo kila aliporuka, na alikaa kimya kwa aibu akidhani ni uzee. Presha iliyonyimwa nafasi ya kwenda mbele huelekea chini, kwenye misuli ya sakafu ya nyonga ambayo tayari imechoshwa na uzazi. Wenye mzio wa mpira wanajua wenyewe kinachoipata ngozi yao. Na ile misuli ya ndani ya tumbo, ambayo kwa maumbile ndiyo mkanda halisi wa kiuno, haiimariki kwa kufanyiwa kazi yake na kitambaa.

Mkanda wangu ulikuja na karatasi ya maelekezo, na bado ninayo. Inaeleza uoshwe kwa maji ya baridi, usikamuliwe kwa kusokotwa, usianikwe juani, usipigwe pasi. Imehangaikia afya ya mkanda kwa mistari sita. Hakuna mstari hata mmoja unaosema uvuliwe wakati gani.

Basi ngoja niseme yale ambayo kocha mwenye kujali angeyasema kabla ya kupokea pesa ya mtu. Mazoezi ya kukimbia, kuruka na mengine yote ya kuhemesha yafanywe bila mkanda huu. Mwenye pumu, mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, mwenye ngiri, mwenye kiungulia cha mara kwa mara au shinikizo la damu asiuguse kabla ya kuongea na daktari. Na ile bandeji laini anayofungwa mgonjwa hospitalini baada ya upasuaji isitumiwe kuuhalalisha, kwa maana ile hupangwa na watabibu kwa mtu anayepona, wala hairuki kamba. Anayeng'ang'ania kuuvaa hata hivyo, auvae kwenye mazoezi mepesi tu, kwa muda mfupi, juu ya fulana nyembamba ya pamba, ukiwa umelegea kiasi kwamba anaweza kuvuta pumzi hadi tumbo litanuke na kusema sentensi nzima bila kukatika. Anywe maji. Akihisi kizunguzungu, ganzi, kichefuchefu au kifua kubana, aufungue hapo hapo, asisubiri seti iishe. Kipimo cha kidole alichokitumia kocha wetu kimegeuzwa kichwa chini miguu juu: kidole kisipopita, hapo ndipo pa kuogopa.

Mtaona kwamba sidai mikanda hii ipigwe marufuku. Mtu mzima ana haki ya kuvaa atakacho, na ninawaelewa wanaopenda jinsi wanavyojiona kwenye kioo wakiwa wameufunga, kwa sababu hata mimi nilipenda. Ila kioo kinaonyesha kiuno kilichosogezwa. Ukiufungua, nyama zinarudi mahali pake kabla hujamaliza kuoga. Hilo nalo hatukuambiwa.

Siku tano baada ya kuanguka nilirudi na mkanda ukiwa umeoshwa kwa maji ya baridi kama ulivyoagizwa, nikaomba nirudishiwe pesa yangu. Kocha aliupokea, akaukunjua, akautazama, kisha akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba tatizo langu lilikuwa saizi, na kwamba wiki ijayo ataleta mpya zenye safu nne za kulabu.

Makocha mliomo humu, mnaosoma na kunyamaza, nina swali moja kwenu na ninataka jibu bila matusi na bila kunitumia picha za kabla na baada: ninyi wenyewe, mnapokimbia kwenye mashine asubuhi kabla wateja hawajafika, huwa mmeufunga?