Mbwa wa 1941 na maharage ya Mama

*Grupu: UKOO WA BABU 🌴*

Shangazi: [vidio] Habari za jioni wapendwa. Mwenye bando afungue hii, ni fupi tu, angalieni mpaka mwisho msikatie njiani

Mjomba: Haya tumeshaanza filamu za nyeusi na nyeupe 😂

Mjomba: Ila huyo mbwa sasa. Anapita katikati ya miguu ya mama wa watu na mama anacheza hasimami?? Hiyo AI. Mimi siku hizi sidanganyiki kizembe

Shangazi: AI ya mwaka 1941 kaka?

Mjomba: Wanaweka rangi ya zamani wanakudanganya

Shangazi: Huyo ni Eleanor Powell, filamu inaitwa Lady Be Good, na mbwa anaitwa Buttons. Studio walimletea mbwa wa kulipwa waliofundishwa kazi, wakashindwa kuendana na muziki, basi akamnunua huyo kwa mfanyakazi mmoja wa palepale studio akaenda kumfundisha mwenyewe nyumbani. Mwangalie mbwa macho yake, hamwangalii kamera anamwangalia bosi wake muda wote

Dada Mkubwa: Nimerudia mara nne. Miguu inapiga kama mvua kwenye bati halafu usoni anacheka kama yuko harusini

Mama: Mimi inazunguka tu haifunguki. Wifi si ungesimulia

Shangazi: Nakuja nasimulia ngoja nitoe chungu jikoni

Shangazi: Haya. Amezaliwa 1912 Springfield, Massachusetts huko Marekani, kalelewa na mama na bibi, mtoto mwenye aibu mpaka anajificha wageni wakija, ndo mama yake akampeleka darasa la dansi ili achangamke. Akaanza na bale, zile za kunyanyukia vidole, kila kitu juu juu. Alivyofika New York kutafuta kazi akaambiwa bila tepu hupati kitu, na tepu ndo ile ya viatu vyenye vyuma chini, na yeye hiyo tepu alikuwa haipendi kabisa. Akaenda kwa mwalimu mmoja anaitwa Jack Donahue akalipia masomo kumi. La kwanza akatoka analia hataki kurudi. Mwalimu akaona tatizo ni moja, huyu binti anaruka, kila saa anataka kupaa, na tepu inataka sakafu. Unajua alifanyaje? Akamfunga mkanda kiunoni wenye vifuko vya mchanga, kimoja kulia kimoja kushoto, akamwambia cheza. Na uzito ule huruki popote, unagonga ukiwa chini. Akamaliza yale kumi tu, hakusoma tena tepu maisha yake yote

Dada Mkubwa: Mchanga kiunoni jamani

Kitinda: shangazi vifuko vya kilo ngapi

Shangazi: Vya kutosha kumweka chini mwanangu. Mbona hujalala?

Kitinda: nimemaliza homework

Mjomba: Kwa hiyo mambo ya miaka ya 30 hayo, si ndo wakati Marekani nzima imefilisika? Watu wanapanga foleni ya mkate halafu wengine wanacheza juu ya piano

Shangazi: Ndo hapohapo. 1933 karibu mtu mmoja kati ya wanne hana kazi kule. Mtu akipata senti chache anaingia sinema, anakaa gizani saa mbili anaangalia watu wenye kofia ndefu na sakafu zinang'aa, akitoka anarudi kwenye shida zake. Studio ya MGM ikamchukua 1935, akatoka na Broadway Melody of 1936 akawa staa papo hapo. Ya 1937 inaitwa Rosalie, wamempangia mangoma makubwa kama matangi ya maji, anashuka ngoma moja baada ya nyingine anacheza juu yake

Dada Mkubwa: Nimegugo. Kumbe hizo nyimbo haimbi yeye, sauti kaweka mwimbaji mwingine, Marjorie Lane 😳

Mjomba: SI NILISEMA FEKI

Shangazi: Sauti ya kooni ndiyo ya mwenzake kwenye zile za mwanzo. Ya miguu ni yake. Na milio ya viatu walikuwa wanarekodi baadaye, kwa hiyo anacheza mara ya kwanza mbele ya kamera, halafu anarudi anacheza upya ili wachukue mlio, uingie sawasawa na picha. Wewe kaka hata hatua za harusi yako mwenyewe ulikosea

Mama: 😂😂😂 wifi umemuweza

Mjomba: Lile zulia lilikuwa linateleza

Dada Mkubwa: Hii nyingine ya 1940 na yule mcheza dansi Fred Astaire ndo balaa. Wimbo unaitwa Begin the Beguine. Wawili tu, sakafu kama kioo, wanafika pahala muziki unakatika inabaki miguu inajibizana, na kamera haimkati mtu, unawaona kichwa mpaka kiatu. Sio hizi za sasa kila sekunde picha imebadilika hujui kama mtu kacheza au kacheza mhariri

Mama: Imefunguka!! Jamani huyu mwanamke haachwi nyuma hata kidogo

Dada Mkubwa: Shangazi ila kuna hii ya 1939, Honolulu. Kajipaka uso mweusi. Mbona hivi

Shangazi: Naijua. Alikuwa anamuigiza Bill Robinson, yule Mmarekani mweusi aliyekuwa anacheza ngazini, 1935 alicheza na mwigizaji mtoto Shirley Temple. Walijuana, waliwahi kucheza pamoja kwenye shughuli za New York, na yeye alisema ni heshima kwa mzee

Dada Mkubwa: Heshima gani ya kumpaka mtu masizi. Si wangemuita mwenyewe, alikuwa hai

Mjomba: Hapo nakuunga mkono mpwa wangu

Shangazi: Na mimi hiyo huwa naruka. Nampenda ila hiyo naruka. Robinson filamu wakampa za mtumishi wa nyumba, ngazi alizopanda ni za kwenye nyumba ya tajiri

Mama: Aliolewa?

Mjomba: Mama hilo swali lako huwa halikosi

Shangazi: 1943, na mwigizaji Glenn Ford. Akapata mtoto wa kiume akaacha filamu, 1950 akatokea kidogo tu kwenye moja basi. Akawa anafundisha sandei skuli, mpaka wakampa kipindi cha watoto kwenye TV. Talaka 1959. Na 1961, karibu miaka hamsini, akarudi jukwaani Las Vegas, mwanawe ndo aliyemsukuma. Kafariki 1982

Mama: Miaka yote hiyo viatu viko kabatini 😔 halafu mume anaendelea na filamu zake

Shangazi: Wifi acha tu

Babu: NIMESOMA YOTE. HIYO YA KUGONGA MIGUU KUNA MMOJA ALIWAHI KUPELEKA UJUMBE KWA VIATU, NILISIMULIWA STESHENI

Shangazi: Baba ni huyuhuyu! Ship Ahoy, 1942, vita imeshaanza, anagonga Morse, zile herufi za nukta na vistari za simu ya zamani, kwa miguu anawatumia ujumbe maofisa waliokaa kwenye hadhira

Mjomba: Mzee kwani kiatu kitapigaje kistari? Kiatu kinalia mara moja tu ko. Nukta sawa, kistari je

Babu: WEWE HUJAKAA STESHENI. MTAMBO WETU WA TELEGRAFU NAO HAUKUWA NA MLIO MREFU. UNAGONGA UKISHUKA UNAGONGA UKIPANDA. KO KO KARIBU KARIBU NI NUKTA. KO UKANGOJA NDIPO KO NI KISTARI. UNASIKILIZA NAFASI HUSIKILIZI MLIO. KISIGINO NA KIDOLE VINATOSHA. NITUMIENI HIYO VIDIO NIISOME

Dada Mkubwa: Babu 🙌🏾🙌🏾 naitafuta sasa hivi

Mjomba: Nimekaa kimya

Mama: Samahani natoka nje ya mada. Nani kagusa maharage? Nilipima kilo mbili mifuko miwili nimeweka juu ya friji niloweke usiku huu, nimerudi hakuna kitu

Dada Mkubwa: Sio mimi niko kwangu

Mama: Na jirani wa chini kanipigia simu anauliza kama tunatwanga kisamvu saa hizi

Shangazi: Aaah 😂😂😂

Mama: Kitinda uko wapi

Kitinda: koridoni

Mama: Unafanya nini koridoni

Kitinda: mama moja imetoboka lakini ya kushoto bado nzima

Babu: MTOTO ASIRUKE. AGONGE CHINI. VIDIO YANGU IKO WAPI