Naandika hotuba zinazoliza watu kwa dhuluma waliyofanyiwa kweli. Je, nafanya dhambi?

Mwandika Pembeni
Habari zenu wakuu, mimi humu ni msomaji wa kimya muda mrefu ila leo imebidi nifungue uzi maana usingizi umekata kabisa.

Naandikia hotuba mwanasiasa mmoja, simtaji. Ajenda yetu ni moja tu, ardhi ambayo wazee wetu walinyang'anywa na fidia haijalipwa mpaka leo. Na niseme mapema kabla hamjanirukia, dhuluma yenyewe ni ya kweli, nyaraka zipo, mashahidi wapo, hakuna neno la kutunga, na hapo ndo panaponichanganya, maana ingekuwa uongo ningejua kosa langu liko wapi.

Mkutano uliopita kuna bibi mmoja alikaa mbele kabisa, chini, kanyoosha miguu na fimbo kailaza pembeni. Tulipofika pale nilipoandika kuhusu nyumba kuvunjwa huku chungu bado kipo jikoni kinachemka, akaanza kulia bila sauti, anajifuta kwa kiganja. Ile sentensi nimeitoa kwake, alinisimulia mwenyewe. Tunarudi kwenye gari bosi ananipiga bega, "leo wamelia vizuri, ile ya chungu usiitoe."

Sasa kuna barua ofisini. Inatuita mezani kuzungumzia fidia, sio yote, sehemu yake. Iko kwenye droo mwezi wa saba huu. Nilipouliza bosi akacheka, "kidonda kikipona tutahutubia nini? Tupite uchaguzi kwanza."

Mimi ni mtu wa ibada. Jamaa ninayefanya nae kazi haamini dini yoyote na anasema sina kosa, siasa ni kuzipanga hasira za watu, mnyonge hana silaha nyingine. Naombeni ushauri wenye dini na wasio na dini, nipo chini ya miguu yenu.

Kifupi Tu
Acha kazi. Uzi ufungwe.

Msafiri wa Jioni
@Kifupi Tu punguza haraka, mwenzio ana watoto wa kulisha labda.

Ndugu yangu mleta uzi, mimi nitakujibu kwa upande wa dini maana ndo ninaoujua. Kulalamika kwa aliyedhulumiwa sio dhambi. Kwenye Qur'an sura ya 4 aya ya 148 Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe hadharani, halafu hapohapo anamtoa aliyedhulumiwa, yaani huyo karuhusiwa kupaza sauti. Lakini nenda sura ya 5 aya ya 8, waumini wanaambiwa chuki yao kwa watu isiwapeleke wakaacha uadilifu. Kwahiyo sauti unayo ila kuna mpaka. Na kwa jinsi nilivyokusoma, aliyevuka mpaka hapo sio bibi anayelia, ni aliyeweka barua kwenye droo. Ile barua ni amana ya watu, amana hairudishwi baada ya uchaguzi.

Mama Wawili
Kwetu wakristo pia ipo, Waefeso 4:26, mwe na hasira ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Nyie mmeliacha jua lichwe miezi saba makusudi.

Haki Kwanza
Samahani Mama Wawili ila huo mstari nimechoka nao, na sio kosa lako, ni jinsi unavyotumika. Kila mnyonge akifungua mdomo anatupiwa sameheni, subirini, msiwe na uchungu, na wanaosema hivyo mara nyingi wamelala shibe. Mwaka 1963 Martin Luther King alikuwa jela pale Birmingham, Marekani, kwa kuandamana kupinga ubaguzi wa rangi, viongozi wa dini wanane weupe wakatoa tamko la kupinga maandamano, eti watu watumie mahakama na mazungumzo. King akawajibu kutoka ndani kwa barua ndefu kwamba hiyo "subiri" karibu siku zote maana yake imekuwa "kamwe". Na yeye ni mchungaji vilevile! Kwahiyo tusimfanye mleta uzi aone aibu kwa kuwaliza watu, watu walilizwa na waliowavunjia nyumba, yeye kaandika tu.

Ila la barua sina utetezi. Hilo ni wizi.

Bila Paa
Mimi siamini Mungu kwahiyo nijibu kwa niaba ya rafiki yako, ingawa sikubaliani nae.

Mwanafalsafa Kant aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu usimtumie kama chombo tu cha kufikia lako, mtambue kuwa nae ana malengo yake. Weka bibi hapo. Lengo lake ni fidia, lengo la bosi ni kura. Siku malengo mawili yakienda njia moja hamna shida, kila mtu anafaidika, ndo siasa. Tatizo njia zimeachana siku ile barua imefika, na bosi akaendelea kumchukua bibi kwenye njia yake huku bibi akidhani bado wako pamoja. Huhitaji mbingu wala moto kuona hapo kuna utapeli.

Nietzsche nae, mwanafalsafa mwingine, 1887, alisema wanyonge wakishindwa kulipiza hugeuza kinyongo chao kuwa maadili, udhaifu unaitwa wema. Mimi naona alikuwa mkali mno kwa wanyonge, ukimsoma unaweza kudhani kila anayedai haki ana wivu tu. Lakini kuna kitu hakukitilia mkazo wa kutosha, kwamba kinyongo cha mnyonge kinaweza kulimwa na mtu asiye mnyonge hata kidogo, akavuna yeye.

Msoma Historia
Bila Paa umenikumbusha kitu. Angalieni Ujerumani. Mkataba wa Versailles 1919, ule wa amani baada ya kushindwa vita ya kwanza ya dunia, uliwaumiza kweli, ibara ya 231 iliwabebesha lawama na 1921 wakapigiwa bili ya marki za dhahabu bilioni 132. Malalamiko halali kabisa, hata watu wa nje waliyaona. Lakini Julai 1932 kule Lausanne malipo yakafutwa kivitendo. Hitler akaingia madarakani Januari 1933 akiwa bado anaimba Versailles ileile. Deni limekufa, wimbo unaendelea.

Sasa weka pembeni mgomo wa mabasi Montgomery, Marekani, weusi walipogoma kupanda mabasi yaliyowabagua kwenye viti. Siku 381 watu wanatembea kwa miguu, hasira ipo, mahubiri yapo, machozi yapo. Amri ya mahakama ilipofika Desemba 1956 mgomo ukaisha na kesho yake watu wakapanda mabasi. Hakuna aliyesema tusubiri kwanza tuna mkutano wiki ijayo.

Kifupi Tu
Sawa nimeelimika. Ila bado aache kazi.

Shangazi wa Kona
Nyie wanaume mmetaja Kant mmetaja Hitler mmezunguka dunia nzima na hakuna hata mmoja aliyeuliza, huyo bibi anajua kama kuna barua? Mleta uzi jibu hilo kwanza. Na nyingine, ile habari ya chungu ulimuomba ruhusa ya kuisema mbele ya watu?

Mwandika Pembeni
@Shangazi hajui. Na ruhusa sikuomba, nilimwambia nitaandika lakini sikumwambia itasomwa kila mkutano. Tumeisoma mara kumi na moja, nimehesabu jana kwenye mafaili.

Shangazi wa Kona
Basi mwanangu mambo ya kuacha kazi utaamua baadae, leo nenda kwa bibi.

Haki Kwanza
Shangazi kamaliza. Ila ukienda nenda na nakala, usiende na maneno matupu.

Mwandika Pembeni
Mrejesho wakuu. Nimeenda jana jioni na nakala. Yeye hasomi, nikamsomea polepole mpaka mwisho, akaniambia rudia pale penye tarehe. Nikarudia. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, alipofika saba akanitazama akaniuliza, na wewe umeijua tangu lini?

Nikamwambia ukweli, tangu mwezi wa pili wake. Hakusema kitu, aliichukua ile nakala akaikunja mara nne akaitia kifuani. Kesho wanakutana wazee, kaniambia nije, ila nikae nyuma.