Ramani ya simu yaweza kumpunguzia dereva akili ya njia?

TuktukKibokoni:
Salaam wadau. Mie ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa town, njia za kisiwani nazijua tangu kitambo, Majengo, Tudor, Bondeni, hata vile vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo mgeni akiingia anatokea baharini. Sasa tangu hizi oda za simu zije, abiria yuaniita, ramani yasema kata kushoto kata kulia, na mie nafwata tu kama ng'ombe. Juzi simu ikazima chaji katikati ya safari nikabaki nafikiria nipitie wapi, na njia yenyewe naipita kila siku! Kuna jamaa hapa stejini yuaniambia ati wazungu walipima vichwa vya madereva wakakuta vimebadilika. Ni kweli ama ni za vijiweni? Mwenye kujua anifahamishe, bila matusi tafadhali.

BintiTudor:
Wa alaikum salaam kaka. Jamaa yako hakudanganya. Ni London, mwaka 2000, marehemu Eleanor Maguire na wenzake waliwapiga skani ya MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, madereva 16 wa teksi. Kuna kisehemu cha ubongo kiko ndani kabisa, usawa wa masikio, chaitwa hipokampasi, ndo kinashughulika na kumbukumbu na njia, sasa kwa hao madereva upande wake wa nyuma ulikuwa mkubwa kuliko wa watu wengine, na mwenye kuendesha miaka mingi ndo wake mkubwa zaidi. Lakini wale si wa kufwata simu, kule ili upewe leseni ya teksi nyeusi yabidi uhifadhi kama mitaa 25,000 kwa kichwa, watu wanazunguka na pikipiki miaka mitatu minne wakisoma barabara na bado wengi wanafeli. Na kuna kitu watu hawakisimulii, upande wa mbele wa hiyo hipokampasi yao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao. Kwa hivo si kwamba walipata ubongo wa bure.

Mbishi_Makadara:
Mie hapo nna shida. Watu 16? Hao ni abiria wa matatu moja na wawili wa kuning'inia mlangoni. Halafu nani kasema teksi ndo imekuza? Pengine aliyezaliwa na hipokampasi kubwa ndo anaeiweza hiyo kazi, mwenye ndogo ashafeli mtihani zamani yuauza mahamri.

BintiTudor:
Mbishi leo umeuliza la maana lol. Hilo swali walilifanyia kazi wao wenyewe. Safari hii Maguire na Katherine Woollett waliwachukua wanafunzi 79 wakawapima kabla hawajaanza kusoma mitaa, wakasubiri miaka mitatu minne, wakawapima tena, matokeo yakatoka 2011. Waliofaulu walikuwa 39, na ni hao tu ambao hipokampasi iliongezeka kule nyuma, waliofeli hola. Na mwanzoni wote walikuwa sawa. Yani mtu mzima kabisa, mwenye watoto nyumbani, na ubongo bado wajijenga kwa kazi anayoupa.

Makanga_Mtwapa:
Na sisi wa matatu je?? Dereva wangu yuko barabarani tangu alfajiri, huyo kichwa chake si kitakuwa kama tikiti maji

BintiTudor:
Pole makanga. 2006 Maguire na wenzake waliwalinganisha wa teksi na wa mabasi hapohapo London, miaka barabarani sawa, msongo sawa, lakini wa basi hawakuwa na lile ongezeko manake laini ni ile ile kila siku. Na kuna hii mpya, Desemba 2024 kwenye jarida la madaktari la BMJ, walipitia rekodi za vifo vya Marekani, karibu watu milioni 9, kazi zaidi ya 400. Baada ya kusawazisha mambo ya umri, waliokufa kwa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, kwa madereva wa teksi ni kama asilimia 1 hivi, kwa watu kwa jumla 1.69. Wa ambulensi nao wako chini. Wa mabasi wako palepale na watu wengine.

Mbishi_Makadara:
Hiyo nimeiona, na waandishi wenyewe wamesema haithibitishi kwamba kazi ndo yazuia. Anaeanza kusahau njia si ataacha teksi mapema? Msije mkamwambia mtu anunue tuktuk iwe dawa ya mamake.

KuzeOriginal:
Mie nimependa ile ya 2022 kwenye jarida la sayansi la Nature, walitumia mchezo wa simu, karibu watu 400,000 kutoka nchi 38, wakakuta waliokulia mashamba, ama miji yenye njia za kupindapinda, wanajua njia kushinda waliokulia miji ya mraba mraba kama Chicago. Sasa sisi tuliocheza kibe, ule mchezo wa kujificha, vichochoroni Kuze na Kibokoni nani atatupoteza? Wa Nyali mtajua wenyewe 😂

TuktukKibokoni:
Ahsanteni. Lakini sijajibiwa, hii simu je? Niitupe?

BintiTudor:
Usiitupe kaka. 2017 kuna watu 24 waliwekwa kwenye skani huku wanatembezwa mitaa ya Soho, kule London, kwa picha za video. Walipokuwa wakijichagulia njia wenyewe, kila wakiingia mtaa mpya hipokampasi yaruka, na ikiwa ni njia panda zenye chaguo nyingi yazidi. Walipoambiwa tu kata hapa kata pale, kimya, haikushughulika na mitaa. Kwa hivo haiharibiki, ila haifanyi kazi wakati simu yaifanya. Tazama ramani kabla hujawasha injini, shika njia, zima ile sauti.

TuktukKibokoni:
Sauti nshaizima tangu asubuhi. Ila jioni daraja la Nyali naiwasha, foleni ya pale hipokampasi haiijui.