Gredi ya 7 na bado kusoma ni vita

Mama Pacha, Nyalenda:
Wazazi wenzangu, kijana wangu ukimsomea swali la sayansi anajibu lote. Mpe karatasi asome na kuandika mwenyewe, anafuta mpaka inatoboka. Ripoti imeandikwa "mvivu". Nianzie wapi hapa Kisumu?

Mwalimu mstaafu:
Mama, mvivu hafuti mpaka karatasi itoboke. Mpeleke EARC, vituo vya kutathmini watoto wenye shida ya kujifunza, vilivyoanza 1984. Beba madaftari yake, hata yale machafu. Hayo ndiyo yanasema. Ripoti yao mpe mkuu wa shule, aiombe KNEC, baraza la mitihani, mapema imsaidie kwenye mtihani wa Gredi ya 9.

Baba K:
Apimwe macho na masikio pia. Wangu, kumbe sikio la kushoto! Siku hizi anakaa mbele.

Mama Pacha:
Asanteni. Jumatatu kibanda cha omena kitafungwa.