Mume kaitwa gereji Bujumbura kwa dola 300, twende wote au nibaki Kigoma? Ushauri jamani

Mama Wawili
Habari zenu wadau, naomba ushauri wa wanaoijua Burundi maana hapa nyumbani kila mtu anasema lake. Mume wangu ni fundi gari hapa Mwanga, sasa kuna Mtanzania ana gereji Buyenzi, Bujumbura, kamuita akafanye kazi kwake kwa dola 300 kwa mwezi na chumba cha kuanzia kipo. Yeye anataka tuhame wote mwezi ujao, tena tuuze na vitu vya ndani. Mi nina genge langu linanisukuma, mtoto mkubwa yupo la tatu, mdogo hajaanza shule. Lugha sio shida sisi ni Waha, Kirundi tunakisikia vizuri tu. Shida ni hela na makaratasi. Dola 300 inatosha kulea familia kule? Na kuvuka ni lazima pasi au NIDA inatosha kwa vile wote ni Afrika Mashariki? Wenye kejeli pitieni mbali.

Kibirizi Boy
Dada yangu hayo ya pasi yatakuja, kwanza muulize mumeo hizo 300 anapewa DOLA mkononi au anapewa faranga za dola 300? Maana Burundi kuna reti mbili, ya benki na ya mtaani, na ya mtaani inazidi ya benki mara mbili na kitu. Chukulia benki ni 3,000 na mtaani ni 7,000. Bosi akipiga kwa reti ya benki anampa mumeo faranga 900,000 na anasema nimekulipa dola 300, haumkamati popote. Sasa mumeo akitaka kukutumia wewe hela huku benki hawana dola za kumuuzia, itabidi anunue mtaani, ile laki tisa yake inageuka dola 128, yaani laki tatu na kitu ya kwetu. Hapo hajala hajavaa. Na kubadilisha mtaani kule ni kosa, ukikamatwa nazo ni kesi. Akilipwa dola zenyewe au shilingi, stori ni nyingine kabisa, kule atakula vizuri na nyumbani atatuma.

MlaMigebuka
Hivi Burundi si ndio hawana mafuta miaka hii yote, watu wanakuja na magari mpaka huku kujaza, sasa gari zimepaki fundi anaenda kutengeneza nini? Nauliza tu sio kejeli.

Fundi Probox
@MlaMigebuka kazi ipo mkuu tena ya kutosha. Mafuta yanauzwa kwenye madumu, yana maji yana uchafu, pampu na nozo zinakufa kila siku, na gari ni zile zile Probox zimechoka hakuna mwenye hela ya kuagiza nyingine. Buyenzi ndio kwenyewe kwa gereji na spea, na mtaani ni Kiswahili mwanzo mwisho, mumeo hatojiona mgeni. Akumbuke tu kule wanaendesha kulia, akitoka na gari ya mteja kuijaribu atulize akili. Ila mafuta yakikosekana nauli inapanda, nauli ikipanda na chakula kinapanda, kwahiyo bajeti mliyopiga leo msiitegemee.

Mjukuu wa Manyovu
Pasi ni lazima dada. Mambo ya kuvuka kwa kitambulisho ni Kenya, Uganda na Rwanda wao kwa wao, sisi hatumo. Pasi ni 150,000 kila kichwa na watoto wanahesabiwa, unajaza mtandaoni halafu unaenda uhamiaji mkoa na vyeti vyenu. Kuna hati ya dharura ya 20,000 watu wanaitumia kwenda na kurudi, hiyo sio ya mtu anaehamia. Mkachanje na homa ya manjano, sindano moja ni ya maisha. Kuingia bila viza sawa tunaruhusiwa, ila KUFANYA KAZI ni kibali kingine, na ada yake muulizeni bosi mapema anailipa nani maana wengine wanakukata kwenye mshahara kimya kimya.

Mama Chikichi
Mi nakujibu kama mama mwenzio. Usiuze kitu. Huyo wa la tatu kule anakutana na Kirundi na Kifaransa darasani, na mwaka wao wa shule unaanza Septemba sio Januari, ukimhamisha katikati hapa hamalizi na kule hajaanza. Mwache baba aende, apite Manyovu, Nyanza-Lac, Rumonge, afike aone, apokee mishahara kadhaa. Genge lako ndio linawalisha kipindi hicho, ukilifunga ile fremu unakuta kashaingia mwingine. Na laini yake ya Tanzania asiitupe, aitie vocha itumike isije ikafungwa na hela ndani.

Kibirizi Boy
Mama Chikichi kamaliza. Mi ndio maana nang'ang'ania mshahara, mengine yote yanarekebishika.

Mama Wawili
Asanteni sana, jana mume kampigia bosi kwa spika nikiwa pale pale. Kasema analipa faranga "kwa reti ya serikali". Tukamuomba nusu anilipe mimi shilingi hapa Kigoma maana ana ndugu zake wanafanya biashara Ujiji, akasema atafikiria. Mume kanuna, anasema nimemharibia. Ila pasi ameanza kujaza ya kwake peke yake, na kabati halijauzwa 😂

Fundi Probox
Akikubali hiyo nusu iandikwe kwenye mkataba, kiasi kwa SHILINGI sio kwa dola. Akikataa basi mumeo adai faranga kwa hesabu ya mtaani, fundi mzuri kule anatafutwa, asiogope kutaja bei.