Mashine ya kukamua alizeti: niweke Singida au Dar?

Mtu wa Iramba
Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja. Mimi na bamdogo tunataka kununua mashine ya kukamua alizeti, sasa ye anasema tuifunge huku huku Singida alizeti ilipo, mi naona walaji wako Dar kwahiyo tupeleke mbegu tukakamulie kule kule. Tumebishana mpaka basi. Kuna jamaa kaniambia hilo ni somo kabisa la chuo linaitwa jiografia ya uchumi. Mwenye kulijua anifafanulie kwa lugha nyepesi, kama mashine ni ile ile mahali panabadilisha nini?

Ticha Jio
Mkuu hapo umegusa swali la msingi kabisa la hilo somo, kwanini shughuli fulani iko hapa na sio pale. Kuna Mjerumani Alfred Weber aliliandikia mwaka 1909, hoja yake kubwa ni uzito na nauli. Angalia miwa, tani moja ya sukari inataka miwa karibu tani 10, na muwa ukishakatwa ukichelewa kusagwa utamu unashuka, ndo maana viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na TPC ya Moshi viko shambani na hutavikuta Kariakoo. Mkonge ndo balaa zaidi, kwenye jani bichi nyuzi ni kama asilimia 4 tu, zilizobaki ni maji na makapi, kwahiyo korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, lazima ikae ndani ya shamba la mkonge, nani alipe lori kubeba maji ya majani kutoka Korogwe? Soda ni kinyume chake, karibu yote ni maji na maji yapo mjini, kinachotoka mbali ni kile kiungo tu cha ladha, kwahiyo kiwanda kinasogea kwa wanywaji. Sasa alizeti kwa hizi mashine zetu ndogo mafuta ni kama theluthi ya mbegu na mara nyingi chini ya hapo. Ukipeleka mbegu Dar sehemu kubwa ya nauli unalipia kisichokuwa mafuta. Bamdogo kashinda.

Kuku Kibaha
Ticha umesahau mashudu!! Hiyo theluthi mbili sio taka, mashudu ni hela, sisi wafugaji wa kuku na ng'ombe huku Pwani na Dar tunayatafuta kwa tochi. Kama mafuta yanauzika Dar na mashudu yanauzika Dar basi uzito unaopotea njiani ni mdogo sana, hesabu ya mkonge haiingii hapa kabisa.

Ticha Jio
Hapo umenikaba kweli, mashudu yakiwa na soko huo mzigo haupungui sana. Ila kumbuka Singida nako kuna mifugo na soko la mashudu lipo.

Kusini Kwetu
Mi hizo nadharia za uzito nazitilia shaka. Korosho ghafi ukiibangua kiini ni kama robo tu ya uzito au pungufu, kwa hesabu ya huyo Mjerumani ilitakiwa yote ibanguliwe Mtwara na Lindi, lakini miaka yote nyingi inapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam. Na viwanda tulijengewa miaka ya 1970, vingi vikalala. Sababu ni nyingi ila moja watu hawaiangalii, msimu. Korosho yetu inavunwa kuanzia Oktoba, ya Afrika Magharibi kuanzia kama Februari, mbanguaji wa Vietnam ananunua kote kote mashine zake zinazunguka mwaka mzima, wewe wa Mtwara unategemea ya kwako tu, ikiisha ghalani mashine imelala na mkopo wa benki haulali. Na meli kwa tani ni rahisi kuliko lori. Kwahiyo mleta mada kabla ya kuuliza wapi jiulize utapata mbegu miezi mingapi.

Fundi Keko
Naongezea la mafundi. Samani zimejazana Keko hapa Dar pamoja na kwamba wote tunagombania mteja mmoja, kwanini? Mbao zipo, mwenye mashine ya kuranda yupo, vanishi na sponji unavuka barabara tu, na mteja anakuja Keko kwasababu anajua atachagua. Kwahiyo usiogope kukaa karibu na wakamuaji wengine, mashine ikikufia saa nne usiku wa msimu ndo utajua umuhimu wa fundi wa jirani mwenye spea.

Dereva Njia Kuu
Nyie wasomi mnaongelea nauli kama ni moja kwenda na kurudi. Sisi tunapandisha mizigo ya bandarini kwenda Mwanza, Kigali, Bujumbura, kushuka Dar gari nyingi ziko tupu na Singida iko njiani. Mwenye gari tupu anachukua mzigo kwa bei ya kufidia dizeli tu. Kwahiyo mbegu au madumu kushuka Dar sio ghali kihivyo, ghali ni kupandisha.

Mtu wa Iramba
Asanteni sana wakuu, bamdogo anasoma hapa pembeni anacheka. Dereva, hiyo bei ya gari la kurudi ipo hivyo mwaka mzima?

Dereva Njia Kuu
Hapana. Mavuno yakianza mwezi wa tano wa sita kila mtu anataka gari, inapanda. Mkikamua huko huko mkahifadhi mafuta mnasubiri ishuke, ila mtaji wenu ndo unakuwa umekaa kwenye madumu, hilo mlipige hesabu wenyewe.